Waende Kwihara na penseli

Mhariri,

Shule zetu zikipeleka watoto kwenye tembe la Kwihara, nyumba ya kale karibu na Tabora ambayo sasa ni makumbusho, alikokaa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872, ziara huwa ni mbio tu: mstari, maelezo ya Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, picha ya pamoja, basi linapiga honi. Mlango wa mbao wenye nakshi wanaupita hivi hivi, na kwangu mimi ule ndio somo lenyewe la sanaa. Mtoto akae chini, achore kipande kimoja cha nakshi, aone patasi ilivyopita. Kisha aitwe fundi seremala wa hapa mjini awaoneshe kazi. Gharama? Karatasi na penseli. Naomba maofisa elimu na watunzaji wa makumbusho wapange ratiba hiyo kabla muhula haujaisha.

Mzazi,
Tabora