Difu ya mtumba ifunguliwe kifuniko kabla ya kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie biashara ya difu za mtumba, hasa zile ambazo mafundi wetu huziita difu za LSD (kifupi cha Kiingereza cha limited-slip differential, difu inayopunguza tairi moja kuzunguka bure), ambazo vijana wa Mtwara na Lindi wenye magari kama Altezza, Mark II na Chaser huziagiza kutoka Dar es Salaam ili wazifunge mahali pa difu za kawaida zilizokuja na magari yao. Siandiki kumkataza mtu, kwa kuwa hata mimi nimefunga, na nina umri wa kuitwa babu. Ninachodai ni kimoja tu, kwamba difu ya namna hiyo isilipiwe mpaka kifuniko chake kimefunguliwa na meno yake yamehesabiwa mbele ya mnunuzi, au walau mbele ya kamera ya simu yake.

Kwa asiyeijua, difu ni mkusanyiko wa gia katikati ya ekseli unaogawa nguvu ya injini kwa tairi ya kulia na ya kushoto. Ile ya kawaida huzipa tairi mbili nguvu sawa, na ubaya wake uko hapo hapo: tairi moja ikikanyaga tope na kuanza kuzunguka bure, ya pili nayo haipati zaidi ya hicho kidogo kinachopotea kwa mwenzake. Difu ya LSD huzuia hali hiyo, nyingine kwa sahani zinazobanana na kusuguana, nyingine kwa uzito wa mafuta maalumu yaliyofungiwa ndani, na nyingine kwa gia zilizokatwa mshazari, ambazo hujulikana kwa jina la Torsen. Altezza, iliyotoka Japani mwaka 1998 na kutwaa tuzo ya Gari la Mwaka la nchi hiyo kwa msimu wa 1998–1999, ilikuwa na matoleo yenye Torsen na mengine yasiyo nayo. Anayeitazama difu kwa nje tu, imejaa grisi na vumbi, hana namna rahisi ya kujua ameshika ipi.

Yangu niliinunua kwa simu, kwa shilingi 650,000, kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Ilifika na basi ikiwa imefungwa kwenye kiroba kilicholowa oili, nikaibeba kwa bajaji hadi gereji, na juu ya chuma palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mtu mwenye haraka: LSD 4.3. Fundi akaiweka mezani, akazungusha upande mmoja kwa mkono, upande wa pili ukazunguka kinyume. Akaniangalia kwa huruma. “Mzee wangu,” akasema, “umeuziwa difu ya kawaida.” Nilimpigia muuzaji papo hapo na kumtolea maneno ambayo gazeti lako halitayachapa.

Nilikosea. Kijana anayejifunza kazi pale gereji ndiye aliyeomba tufungue kifuniko cha nyuma kabla ya kuirudisha, na tulipofungua hatukuona zile gia ndogo mbili za difu ya kawaida zilizopita kwenye pini, bali tuliona kasha lililofungika lenye gia za mshazari ndani yake. Ilikuwa Torsen halali. Jaribio la kuzungusha kwa mkono, ambalo linafaa kwa difu ya sahani, kwa Torsen linadanganya, maana Torsen haibani mpaka ipewe mzigo. Kazi yake ni kuipa tairi yenye mshiko mara kadhaa ya kile ambacho tairi dhaifu inaweza kukihimili, na kwa nyingi ni kati ya mara mbili na tatu hivi. Sasa tairi dhaifu ikiwa haishiki kabisa, mara tatu ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana anayekwenda nayo kwenye mchanga wa Msimbati akitumaini muujiza atanasa kama wengine, tairi moja ikining’inia, isipokuwa kama anajua kuvuta hendibreki kidogo ili tairi inayozunguka bure ipate cha kushindana nacho. Nilimpigia muuzaji tena kumwomba radhi.

Radhi hiyo haikudumu. Yule kijana alikuwa ameshaanza kuhesabu meno kwa kutia alama ya chaki, na akapata 41 kwenye kraunwili, ile gia kubwa ya duara, na 10 kwenye pinioni, gia ndogo inayoizungusha, yaani uwiano wa 4.1 (pinioni huzunguka mara 4.1 kila kraunwili inapozunguka mara moja), wakati difu iliyotoka kwenye gari langu ni 4.3 na kwenye chuma cha mtumba pameandikwa hivyo hivyo 4.3. Nilipomuuliza muuzaji, alinijibu kwa upole kabisa: “Hizo namba, baba, sisi tunaandika kama tulivyoambiwa na aliyelikata gari.” Wasomaji wataniambia tofauti hiyo ni ndogo, na kwa gari la tairi za nyuma haivunji kitu, ni kweli. Lakini mahali injini ilipokuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika sasa inazunguka kama 2,860, jambo ambalo kwenye lami tambarare ya kwenda Lindi ni raha, ila ukipanda Newala kutokea Masasi na watu wanne ndani, utarudi gia ya chini mahali ambapo zamani hukurudi. Zaidi ya hapo, kwa gari ambalo mita yake ya mwendo inasoma kwenye gia boksi, mshale ukisema 100 gari linakwenda karibu 105, na askari wa barabarani hatasikiliza hesabu za meno. Kwa gari linaloendeshwa kwa tairi zote nne, kufunga difu ya nyuma yenye uwiano tofauti na ya mbele ni kuliua gari. Hilo wala halina mjadala.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe. Fundi alishauri tulitoe kasha la Torsen kwenye difu ya mtumba tulifunge kwenye kraunwili na pinioni za difu yangu ya zamani, ili nipate Torsen na nibaki na 4.3. Kwa nadharia ushauri ule ni sahihi. Kinachofuata baada ya nadharia ni kwamba meno ya kraunwili na ya pinioni yanapaswa kukutana yakiwa na nafasi ndogo sana kati yake, ile ambayo mafundi huiita plei, na kwa difu nyingi za Toyota za ukubwa ule ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Nafasi hiyo hurekebishwa kwa shimu za pembeni, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, husomwa kwa kipimo chenye uso kama wa saa, kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa ili ionekane yanagusana katikati au ukingoni. Gereji haikuwa na kipimo. Fundi aliishika kraunwili kwa vidole, akaitikisa mara mbili, akasikiliza, akasema iko sawa. Nami, badala ya kusema hapana, nikasema haya.

Tulitia oili mpya ya gia ya daraja la GL-5 na kesho yake nikaondoka kwenda Lindi. Kabla sijafika Mingoyo, gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, sauti ilianza chini ya kiti cha nyuma, nyembamba kama mluzi wa birika, ikapanda kila nilipokanyaga mafuta na kukatika kila nilipoachia. Niliporudi tukafungua kifuniko. Oili ilikuwa inametameta kama iliyomwagiwa unga wa fedha, na alama ya mguso kwenye meno ilikuwa imekaa ukingoni kabisa, upana wa ukucha. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikazoeana, na moja ikiharibika ya pili haina mwenza. Kwa hiyo ile jozi ya 4.3, iliyokuwa imelibeba gari tangu lilipotengenezwa, ikawa chuma chakavu kwa safari moja tu.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho hakuna aliyeagiza kifanyike. Siku tulipobomoa difu ya mtumba, yule kijana alizitunga shimu zake kwenye waya mbili, akafunga kipande cha karatasi kwenye kila waya na kuandika “kulia” na “kushoto”. Kwa shimu hizo tuliirudisha Torsen kwenye jozi yake yenyewe ya 41 kwa 10, ndani ya kasha ilimozaliwa, na safari hii nilikwenda kuazima kipimo kwa jamaa mmoja anayetengeneza mashine za kiwandani. Kilisoma 0.15. Tangu siku hiyo difu haijalia, na gari ni la 4.1, nitake nisitake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, wauzaji wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwingineko wanaopenda wateja wa kusini wafanye jambo dogo. Kila gari la Toyota linalokatwa lina kibati, na kwenye kibati hicho, mstari wa ekseli hubeba herufi na tarakimu zinazoonyesha uwiano na aina ya difu. Kukipiga picha kabla ya msumeno kupita ni kazi ya sekunde chache, na picha hiyo iambatane na difu hadi kwa mnunuzi. Kufungua kifuniko nako si kazi ya kutisha. Ni bolti chache na gasketi ya bei ndogo, na muuzaji anayekataa kukifungua amekwisha kujibu swali.

Kwa upande wetu huku, ningeomba vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi vifikirie kuwaalika mafundi wa mitaani, wale wenye uzoefu wa miaka 20 na aibu ya kuketi darasani na watoto, kwa siku moja au mbili za kupima plei na kusoma alama ya mguso, tena jioni baada ya kazi. Fundi wangu ni mtu mwaminifu, na alinirudishia nusu ya ufundi bila kuombwa. Hana kipimo, na hajawahi kuonyeshwa kinavyosomwa. Cha kwangu nimeshakiagiza. Kikifika kitakaa pale gereji, kwenye droo ya yule kijana.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara.