Mnaohamia Ujerumani na paka, tangulizeni kipimo cha damu kabla ya tikiti

Mhariri,

Kurasa zako huwasaidia sana watu wa Pwani wanaowafuata waume, wake au wazazi wao Ujerumani. Viza, mtihani wa lugha, bima, pango la nyumba, yote huandikwa. Paka wa nyumbani hatajwi, ilhali karatasi zake zinaweza kuchukua muda kuliko za mtu yeyote wa familia. Watu hukata tikiti za Agosti, kisha Julai ndipo humbeba paka kwenda kuchanjwa. Hapo safari ya paka imeshaharibika, na hakuna wa kubembelezwa akairekebisha.

Chanzo ni kichaa cha mbwa. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya huwapokea wanyama wake kwa chanjo peke yake. Anayetoka huku lazima damu yake ipimwe ionekane kwamba chanjo imeshika. Mpangilio haugeuzwi: kwanza chipu, yaani kidude kidogo chenye namba ya utambulisho ya tarakimu 15, chini ya ngozi, kati ya mabega, halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, paka awe ametimiza wiki 12, zipite siku zisizopungua 30 ndipo damu itolewe, na tangu siku ilipotolewa damu, si siku majibu yalipofika, ngojeni miezi 3. Sampuli hupimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Giessen, na kingamwili zinatakiwa zifike yuniti 0.5 kwa mililita au zaidi. Ukijumlisha, paka mkubwa anahitaji miezi 4 na siku kadhaa kama hakuna lililokwama. Pangeni 6. Kitoto cha paka hawezi kuingia kabla hajakaribia umri wa miezi 7, hata angekuwa na nyaraka safi namna gani.

Kinachowakwamisha watu si ugumu wa masharti, ni vijambo vidogo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi kabisa. Paka huchanjwa upya na hesabu huanza mwanzo. Chipu na chanjo zikifanywa siku moja si kosa, mradi chipu itangulie na tarehe yake iandikwe kwenye kadi. Tarakimu moja ya chipu ikikosewa kwenye fomu ya maabara, majibu hayo ni ya paka mwingine. Kila anaposhikwa paka kwa chanjo, damu au cheti, daktari amsome kwa kifaa kwanza, aandike namba anayoiona kwenye kioo, asinakili kutoka kwenye kadi. Na chanjo ya kurudia ifanywe kabla ya ile ya kwanza kwisha muda. Ikichelewa hata siku moja, kipimo cha damu kilichogharimu fedha nyingi kinakufa nayo. Isipochelewa, kipimo hicho hakirudiwi tena.

Cheti cha afya hutolewa na daktari wa serikali, kwa Kenya kupitia Idara ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete, na paka awe amefika mpakani mwa Ulaya ndani ya siku 10 tangu kiliposainiwa. Hapa ndipo ndege ikiahirishwa huleta kizaazaa, kwa hiyo msikichukue siku ya kwanza inapowezekana. Kichukueni siku 4 au 5 kabla ya safari. Mwenye paka, au mtu aliyemwandikia idhini, asafiri ndani ya siku 5 za safari ya paka, ama kabla ama baada. Zaidi ya hapo paka huhesabiwa kuwa bidhaa, na masharti ya biashara ni mengine. Mkishuka Frankfurt, msipite njia ya kijani na paka begani. Nendeni kwenye njia nyekundu ya forodha mseme mna mnyama. Asiyetimiza masharti hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na sheria inaruhusu hata kuuawa pale ambapo hayo mawili hayawezekani.

Nimesema Ujerumani kwa sababu ndiko wengi wa huku wanakoelekea. Uingereza ina kipimo cha damu hichohicho na miezi 3 hiyohiyo, lakini mnyama anayefika kwa ndege huingia kama mzigo, si ndani na abiria. Marekani haimdai paka kipimo cha kichaa cha mbwa katika masharti ya taifa, ila mbwa wa Kenya na Tanzania ana masharti makali tangu Agosti 2024, likiwemo la kuwa na umri wa miezi 6.

Miezi hiyo ya kungoja isipotee bure, maana ndiyo ya kumfundisha paka maisha ya ghorofani. Paka wa Mombasa hujisaidia chini ya mwarobaini au kwenye kitanda cha maua. Ghafla atawekwa mbele ya sanduku la plastiki lenye punje za kijivu zenye harufu ya manukato, na atachagua zulia. Anzeni hapa nyumbani na beseni pana lenye udongo wa ua aliouzoea, kina cha sentimita 5 hadi 7. Baada ya wiki moja toeni robo ya udongo, mtie mchanga wa paka usio na manukato. Wiki ya pili nusu, hivyo hivyo hadi udongo uishe. Akianza kwenda pembeni ya beseni, rudini hatua moja nyuma, msimkaripie.

Chakula nacho. Paka wengi wa huku hula vichwa vya samaki, dagaa, na ugali uliochovywa mchuzi. Samaki mbichi kila siku humaliza vitamini B1 mwilini, na mafuta mengi ya samaki bila vitamini E huvimbisha mafuta ya chini ya ngozi hadi paka anaumia akiguswa. Wengi huku huponea panya na ndege wanaowinda wenyewe, maana wale humpa taurini, kirutubisho muhimu kwa paka, na mengine yanayokosekana sahanini. Ghorofa ya nne hakuna panya. Kwa hiyo abadilishiwe chakula kamili cha paka cha kopo au kikavu kwa siku 7 hadi 10, robo kwa robo, na abaki nacho mpaka safari. Msifunge nyama wala maziwa kwenye mizigo kwa ajili yake. Wasafiri wanaotoka nje ya Ulaya hawaruhusiwi kuviingiza.

Mashirika mengi ya ndege ya Ulaya humruhusu paka ndani pamoja na abiria kama uzito wake na wa begi hauzidi kilo 8. Anayezidi huenda sehemu ya mizigo katika tundu gumu, na vipimo vya tundu vina kanuni: urefu ni kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa kutoka sakafuni hadi kiwiko, upana ni mabega yake mara mbili, kimo ni hadi ncha ya masikio akisimama, ongeza unene wa tandiko. Begi au tundu likae wazi sebuleni wiki 6 hadi 8, na alishwe humo. Dawa ya usingizi msimpe. Hushusha shinikizo la damu na humharibia paka uwezo wa kulinda joto la mwili, tena shirika linaweza kumkataa mnyama aliyelegea. Chakula kidogo saa 5 au 6 kabla ya kuondoka, maji asinyimwe.

Sasa kufika, ambako watu hudhani kazi imekwisha. Kosa la kawaida ni kumfungulia paka nyumba nzima siku ya kwanza ili "azoee", na ndugu na jamaa wamejaa kuja kuwaona wageni. Mpeni chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa, siku 3 za mwanzo au zaidi. Sanduku la mchanga liwe kona moja, chakula na maji kona ya mbali nalo, begi la safari likae wazi kama pango, na ndani yake kanga kuukuu iliyotoka nyumbani bila kufuliwa. Hiyo kanga isifuliwe hata kama inanuka. Harufu yake ndiyo kitu pekee anachokijua katika nchi nzima. Akijificha chini ya kitanda, mwacheni. Siku mkiona anakula, anajisaidia sandukuni na anakuja mlangoni mkia juu, fungueni chumba cha pili.

Mambo mawili hayangojwi. La kwanza ni kutokula. Siku ya kwanza si ajabu. Pasheni chakula cha kopo hadi kiwe vuguvugu, kinukie. Zikitimia saa 48 bila kula, daktari, hasa kama paka ni mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulizidi nguvu. La pili ni mkojo. Paka dume anayeingia sandukuni mara kwa mara, akajikunja, akalia, na mchanga ukabaki mkavu, amezibwa njia. Hofu ya kuhama na kunywa maji kidogo huchangia sana. Huyo anakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, hata Jumapili. Akingojwa mpaka kesho kutwa anaweza kufa.

Dirisha nalo wageni hawalijui. Madirisha mengi ya Ujerumani hufunguka namna mbili: kama mlango, au kwa kulazwa upande wa juu tu, pembeni ukabaki mwanya mpana juu na mwembamba chini. Paka huruka apitie juu, huteleza, hushuka hadi pale mwanya unapombana tumbo. Akifurukuta hujizamisha zaidi. Damu haifiki miguu ya nyuma, na hata akinasuliwa hai anaweza kupooza. Wenyeji wana vizuizi vya pembeni vinavyouzwa maduka ya wanyama. Mpaka vinunuliwe, dirisha lisilazwe paka akiwa peke yake chumbani. Ubavuni mwa hilo niweke maua ya lili, ambayo watu hupenda kuleta kumkaribisha mgeni: jani, ua, hata chavua aliyojilamba manyoyani humwua figo ndani ya siku chache. Na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini, ambayo wengine huibeba kutoka huku kwa kubana matumizi, ni sumu kwa paka.

Baridi yenyewe huogopwa kupita kiasi. Ndani ya nyumba ya Ujerumani pana nyuzi 20 hivi, na paka hukipata kipasha joto kabla yenu. Kinachomchanganya zaidi ni mwanga. Mombasa mchana una urefu wa saa 12 mwaka mzima. Desemba kule ni kama saa 8, Juni ni 16. Manyoya ya paka hufuata mwanga, hivyo aliyekuwa akipukutika kidogo kidogo siku zote ataanza kupukutika kwa vishindo majira ya kuchipua. Mchaneni kila siku kipindi hicho, la sivyo atayameza na kuyatapika. Msidhani ni ugonjwa.

Asitoke nje kabla ya wiki 4, na asitoke kamwe kama hajahasiwa. Miji mingi kule imelifanya hilo kuwa sharti kwa paka wanaozurura. Chipu ya Kenya iandikishwe upya kwa anwani mpya, TASSO, shirika la Ujerumani linaloweka daftari la wanyama wa nyumbani, hufanya hivyo bila malipo. Chipu isiyoandikishwa ni namba tu, haimrudishi paka kwa mtu. Mwenye nyumba hawezi kuweka marufuku ya jumla ya paka na mbwa katika mkataba. Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikwisha kuamua hivyo mwaka 2013. Lakini bado anaweza kuwa na sababu mahususi, basi ulizeni kabla ya kusaini. Kodi ya wanyama inatozwa mbwa, paka hatozwi.

Kuna paka ambaye ushauri wangu ni abaki. Yule wa baraza, anayekula nyumba tatu za mtaa, mwenye miaka 10 na mapaa yake, hamfahamu mtu mmoja, anaufahamu mtaa. Kumfungia ghorofani Hamburg ni kumtesa kwa gharama kubwa. Muacheni kwa bibi, mtumieni bibi pesa za chanjo. Anayelala kitandani kwa mtoto na kumfuata chumba kwa chumba ndiye wa kuhama naye, na huyo kwa kawaida hutulia baada ya wiki chache.

Mkishafika, daktari wa kule anaweza kumwandikia paka pasipoti ya Umoja wa Ulaya. Mwambieni ametoka Afrika Mashariki ili ajue minyoo na vimelea vya kutafuta, na mwombeni aingize majibu ya damu katika pasipoti hiyo kabla ya likizo yenu ya kwanza ya kurudi nyumbani. Yakiwa yameingizwa kabla paka hajatoka Ulaya, na chanjo haijakatika, akirudi hangoji tena miezi 3.

Wako,
Daktari wa wanyama,
Mombasa