Barua ya kufunga muhula: mnyama mmoja kwa kila mtoto

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Kwa wazazi na walezi wote

YAH: KAZI YA LIKIZO – MTOTO KUTUNZA MNYAMA WA NYUMBANI

Ndugu mzazi/mlezi,

Muhula wa kwanza unafungwa Ijumaa hii, na tutafungua Jumatatu baada ya wiki nne. Ripoti ya matokeo imebanwa pamoja na barua hii. Isaini, mtoto airudishe siku ya kufungua.

Likizo hii tunaomba kila mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la sita apewe mnyama mmoja wa kumhudumia. Nasisitiza mmoja. Kuswaga mbuzi kumi na wawili kwa fimbo kunamfundisha mtoto kuhesabu na kupiga, basi. Mnyama mmoja aliye wake kila siku humlazimisha aangalie, kwa sababu mnyama hasemi kiu wala maumivu. Mwenye macho ndiye anayeona.

Wengi watapewa mbwa. Maji yawekwe kwenye chombo kisichopinduka: bakuli zito la udongo, au kidumu cha lita tano kilichokatwa na kufukiwa nusu ardhini. Chombo chepesi hupinduliwa na kuku mapema asubuhi, mbwa akashinda na kiu ninyi mkiwa shambani. Mbwa wa kilo 15 anahitaji takribani lita moja kwa siku, na zaidi akiwa ananyonyesha. Maji ya jana yamwagwe na chombo kisuguliwe kwa majivu.

Kama mbwa hufungwa, kamba isipungue mita tatu, na mtoto arudi kumwangalia mchana, maana kivuli cha saa tatu asubuhi hakipo tena saa nane. Shingoni, vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya kamba na ngozi. Mtoto wa mbwa hukua upesi kuliko tunavyokumbuka kulegeza kamba. Ikisahaulika inakata ngozi, inazama kwenye nyama, na manyoya huificha hadi harufu itoke. Kwa hiyo kila Jumamosi shingo ikaguliwe.

Mtoto ajue pia mbwa anavyoomba aachwe: mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anageuza uso, analamba midomo na chakula hakuna. Akinguruma, mtoto asikimbie. Asimame, kisha arudi nyuma taratibu. Tafadhali msimpige mbwa kwa kunguruma. Anayepigwa kwa hilo huacha kunguruma, na siku nyingine anauma bila kuonya. Asiguswe akila, akilala au akiwa na watoto wachanga.

Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Muulizeni afisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Mtoto akiumwa au akiparuzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Msipake pilipili, mafuta wala dawa ya kienyeji, na msingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, tiba hakuna. Mwambieni mtoto mapema kwamba hatachapwa kwa kuumwa, kwani wanaoogopa fimbo ndio wanaoficha jeraha.

Nyumba zenye punda, mtoto anayeteka maji amhudumie huyo. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, yanatosha kwa punda mdogo. Manne ni kilo 80, na mtoto akipanda juu yake tunamuumiza mnyama. Tumezoea kusema asante ya punda ni mateke, lakini mara nyingi teke lina kidonda chake chini ya mkanda. Kila jioni mtoto ainue gunia la mgongoni, apitishe kiganja akitafuta joto, unyevu au sehemu iliyonyonyoka manyoya. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo kimoja cha chumvi, na punda apumzishwe mzigo mpaka kikauke. Kidonda kikiwa kirefu au kina usaha, aitwe afisa mifugo. Punda huvumilia maumivu kimya kimya. Asiyeinua gunia hatajua.

Sungura asiinuliwe kwa masikio. Mkono mmoja upite chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, kwani akirusha miguu hewani anaweza kuvunjika mgongo.

Sasa suala gumu: mnyama wa kuliwa au kuuzwa. Hatukatazi, mifugo ndiyo akiba ya nyumba. Tunachoomba ni mtoto aambiwe siku ya kwanza kwamba jogoo huyu ni wa kuuzwa, na akumbushwe kabla ya siku yenyewe. Asirudi kutoka kisimani akamkuta jogoo wake kwenye sufuria. Msimwambie “amepotea”, kwa sababu atamtafuta siku mbili, kisha atayaona manyoya jalalani.

Atasahau kazi, na hilo si ajabu. Badala ya fimbo, mpelekeni kwenye chombo kikavu, ajaze maji mwenyewe, achuchumae hatua chache pembeni amtazame mbwa akinywa hadi amalize.

Kila Jumatano na Jumamosi aandike mistari mitatu kwenye daftari. “Nimempa maji” haitoshi. “Amekunywa kidogo akaacha, mguu wa nyuma anauinua” ndicho tunachotaka. Asiyejua kuandika vizuri achore. Nyumba isiyo na mnyama ikubaliane na jirani. Mwenye pumu au anayeogopa sana wanyama atapewa kitalu cha miche hapa shuleni, mzazi afike ofisini kabla ya Ijumaa.

Daftari liletwe siku ya kufungua, pamoja na jembe na ndoo kama kawaida.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu