Kabla hatujakutana Jumamosi: uzi, sindano na fremu

Habari zenu wapendwa, nimeona picha mlizotuma za vitambaa mnavyodarizi, kazi nzuri sana, ila nyuma kumejaa mafundo jamani. Fundo linatuna mbele ukipiga pasi. Acha mkia wa uzi kama sm 3 nyuma, mishono minne mitano ya kwanza iukalie, ukimaliza unapitisha sindano chini ya mishono hukohuko nyuma unakata.

Uzi usikate mrefu, kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko inatosha, ukizidi hapo unasuguana na kitambaa kila unapopita, unachakaa, unatoa manyoya na kujisokota kila saa. Ukijisokota geuza kazi juu chini uache sindano ining'inie, itajizungusha yenyewe. Ule uzi wa kudarizi ndani una nyuzi 6, kwa kitambaa cha Aida namba 14 (kile chenye vijiraba, 14 kwa kila inchi) tumia 2 tu, na uzichomoe mojamoja ndo uziunganishe tena, zinalala vizuri mno. Sindano iwe butu.

Kwenye misalaba, yaani mishono miwili inayopishana kama X, mshono wa juu uelekee upande mmoja kazi nzima, hili nawaomba sana, maana mwanga ukipiga ua linaonekana lina mabaka hata kama rangi ni ileile.

Fremu, ile duara ya kukaza kitambaa, itoeni usiku, inaacha alama ya duara ngumu kutoka. Uzi mwekundu nao, lowesha kipande ukikandamize kwenye kitambaa cheupe, ukichuja rangi usiutumie. Jumamosi mje na mikasi midogo.