Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa misitu: miche yetu 400 bado iko kitaluni

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na aila yako. Sisi huku Pemba, upande wa Konde, hatujambo kwa kiasi chetu. Nimeshakuandikia mara mbili kwa mkono wa Bwana Sheha, mkuu wa shehia yetu, ya kwanza kabla ya Ramadhani. Labda zilianguka baharini njiani. Hii naiweka hadharani isije ikaanguka nayo.

Jumatatu iliyopita walikuja vijana na misumeno ya moto kwenye kile kilima nyuma ya mashamba yetu. Adhuhuri mkuyu mkubwa ulikuwa chini. Nilikwenda na mwanangu wa mwisho kuokota kuni, maana mti ukishaanguka hauinuki, na mimi jiko langu halijui siasa. Kwenye tundu la shina tukakuta makinda mawili ya bundi, manyoya mepesi kama sufi. Moja lilikuwa limeshakufa. Jengine tulilitia kikapuni, mwanangu akalikamatia panzi. Usiku bundi mzazi alikuja kwenye mkarafuu wa uani, huu, kimya, huu, kimya, mpaka alfajiri. Usiku wa tatu hakuja, na kinda nalo lilikuwa limekufa.

Wapo watakaosema afadhali, bundi ni uchuro. Lakini Mheshimiwa, bundi huyu mdogo hapatikani popote duniani ila Pemba. Ndege wa namna hiyo tunao 4: yeye, ninga wetu, yule njiwa wa kijani, chozi wetu mnyonya maua, na yule kijindege wa manjano mwenye duara jeupe jichoni. Aliyetufundisha hayo ni wewe, mwaka juzi pale skuli, tukakupigia makofi. Ukasema kilima hakiguswi, na palipofyekwa patarudishiwa miti ya asili. Makofi yetu tunayadai.

Kwa maneno yako hayo sisi kina mama tulianzisha kitalu. Tulijaza udongo viriba kwa mikono, tukaotesha mizambarau ya mwitu, mikuyu na mivule, tukamwagilia kiangazi kizima kwa ndoo za kichwani. Miche 400. Gari ililetwa kweli, tena mbili, zimejaa miche ya mikaratusi na mivinje! Ya kwetu mizizi imeshatoboa viriba imeingia ardhini. Tukiing'oa sasa nusu itakufa.

Sisemi boriti hazitakiwi. Watu wanajenga, kuni zinatakiwa, na mkaratusi unakua haraka, hilo naliona. Lakini pandeni kwenye viwanja vitupu, vipo vingi. Mkikata msitu mkapanda mti wa aina moja, safu kwa safu, umri mmoja, ndege atakula nini? Ninga anataka kuyu na zambarau. Mnamjua ninga? Ni kijani kama jani lenyewe, unaweza kukaa chini ya mkuyu wako ishirini juu yako usimwone hata mmoja, mpaka kuyu likuangukie kichwani. Na wapo ndege wakishakula kuyu huko, mbegu wanakwenda kuidondosha kwengine, na mti unaota bila ya ndoo ya mtu. Chozi labda atapata maua ya mkaratusi akanyonya, sikatai. Bundi je? Anataka tundu, na tundu ni la mti mzee. Mikaratusi yenu itakatwa kwa nguzo kabla haijapata hata ufa.

Najua nitaambiwa mbona karafuu nazo ni za kupandwa. Kweli. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, huku kwetu upandaji ndio ulizidi, na wazee walifyeka msitu mwingi. Lakini ingia kwenye eka tatu za mzee yeyote: mkarafuu, mwembe, mfenesi, mnazi, magugu chini. Bundi analia humo. Kwenye mikaratusi nimepita wakati wa magharibi, nimesikia viatu vyangu tu.

Na mimi yamenifika. Mchicha wangu msimu huu wote umeliwa na viwavi, bamia zimetobolewa kama chujio. Mimi nasema ni kwa kuwa ndege wamekimbia. Jirani yangu anasema ni mvua. Kisima nacho kimeshuka, kamba imebidi niiunge. Kwa hilo nalo naitilia shaka mikaratusi yenu.

Sheria ya misitu namba 10 ya 1996 inaruhusu wanakijiji kukubaliana na Serikali wautunze msitu wao wenyewe. Tuliomba. Fomu tulijaza mara mbili, ya kwanza ikarudishwa kwa kuwa tuliandika kwa wino mweusi. Ya pili ilikuwa ya buluu. Sasa niambie, rangi gani iliyobaki?

Nilitaka kukuomba mengi: misumeno isimame, kilima chote kirudi, waliokata waulizwe. Naona nitachoka mimi kabla yako. Basi nakuomba hili: mikuyu mitatu iliyobaki bondeni, karibu na mto, isiguswe. Mitatu tu. Na utume gari moja ije ichukue miche yetu kabla masika hayajakatika. Ikija, ipite njia ya skuli, ya kilimani imezibwa na magogo.

Wako,
Mama wa kitaluni, Pemba