Kamwene, nina neno kuhusu mtoto wa mjomba wako

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mama Furaha, shoga yangu,

Kamwene! Habari za Iringa, watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila baridi ya huku unaijua. Nisamehe kwa kimya tangu msiba wa bibi. Leo nina jambo limeninyima usingizi.

Ni mtoto wa mjomba wako, yule kitinda mimba. Yuko Kidato cha Pili, mwakani anachagua mchepuo. Juzi mjomba alikuja shuleni akasema Fizikia basi, aende sanaa, mtoto wa kike fizikia ya nini. Nilitetemeka. Nikakumbuka sisi tulivyokuwa tunafagia maabara huku wavulana wakipima umeme.

Na yote haya siku chache tu baada ya kuwasimulia darasani habari za Jocelyn Bell Burnell, mwanasayansi wa nyota, wa Ireland ya Kaskazini. Kwao nako wasichana walipelekwa kwenye mapishi, wavulana maabara, mpaka wazazi wake walipokwenda kulalamika. Wazazi, Mama Furaha! Chuoni Glasgow, akiingia darasani, wanaume wanapiga miluzi na kugonga meza. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi Cambridge, alikuwa akikagua kwa macho karibu mita 30 za karatasi kila siku, zinazotoka kwenye darubini ya redio, ile inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani, aliyoijenga na wenzake kwa mikono. Akaona kialama kidogo asichokielewa, hakukiacha. Kumbe ni nyota, inatoa mpigo wa redio kila sekunde 1.337. Pulsa, yaani nyota ya mpigo, ya kwanza kugunduliwa! Nobel ya 1974 wakapewa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Yeye hakupewa. Mwaka 2018 akapata tuzo nyingine, dola milioni 3, akazitoa zote zisomeshe uzamivu wa fizikia kwa wanaoachwa pembeni: wanawake, wakimbizi na wengineo.

Binti alisikiliza kimya. Kesho yake akaja na jiwe kafunga kwa uzi wa kushonea, akalitundika dirishani. "Mwalimu, hesabu." Tukahesabu, kwenda na kurudi mara kumi: sekunde 13 na kidogo. Kumbe usiku wa kuamkia siku ile alikuwa akiupunguza uzi kidogo kidogo, akipima kwa simu ya mama yake, mpaka ukafika sentimita 44. Mpigo wa nyota ile, shoga yangu, kwa jiwe la barabarani! Halafu huyu ndiye aache Fizikia?

Mjomba mimi ananiona mwalimu tu. Wewe una jina la mama yake, hata kukuita anakuita mama, na neno lako huwa halikatai. Nakuomba uje umwambie kabla shule hazijafungwa. Kumpigia simu hakutoshi, unamjua.

Utapata nafasi lini? Lile daftari letu la Fizikia bado unalo? Na ile mita ya umeme ya kaka yako, anaweza kutuazima? Nikupokee stendi siku gani?

Wako,
Atu