Barua kwa mwanangu: Waulize walikwenda saa ngapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba vyombo vimeshapangwa na mtoto ameanza kuizoea nyumba mpya. Lililonikaa moyoni ni lile la bustani ya mtaa wenu. Umewauliza majirani, na kila mmoja amekuja na lake. Wa kwanza anasema hapana pahali pazuri pa mtoto kama pale. Wa pili anasema mwanawe alikatwa na chupa mguuni. Wa tatu huenda kila alfajiri kukimbia na hajaona ubaya wowote, na yule binti wa ghorofa ya juu hapiti pale hata kwa kulazimishwa. Sasa unataka nikwambie nani anasema kweli.

Mimi nawaamini wote wanne. Kilichokosekana ni kuwauliza walikwenda saa ngapi, wakiwa na nani, na walifuata nini. Alfajiri bustani ni ya wakimbiaji na wazee wanaonyoosha viungo. Jua likipanda kidogo huja wenye watoto wachanga, kwa sababu bembea bado hazijashika moto. Mchana ni ya anayetafuta kivuli na dakika chache za kutosumbuliwa. Watoto wa shule wakiachiwa, nyasi zote ni za mpira. Giza likiingia na taa hazifanyi kazi, inabaki na wachache wasiojali kuonekana, au wasiotaka kuonekana. Yule mkimbiaji na yule binti hawajakutana pale hata siku moja. Kila mmoja anakusimulia bustani yake, na ukijaribu kuzichanganya simulizi zao upate jibu la katikati, utapata bustani ambayo haipo saa yoyote.

Kuna kisa ninachokipenda sana katika jambo hili. Philadelphia, Marekani, ilipochorwa ramani yake ya kwanza katika karne ya 17, zilitengwa bustani nne ndogo, umri mmoja na ukubwa unaokaribiana. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji aliyeandika juu ya bustani hizo mwaka 1961, alikuta nne hizo zimeachana kabisa. Rittenhouse Square ilikuwa na watu mchana kutwa. Franklin Square ilikuwa kimbilio la wasio na kazi wala pa kulala. Washington Square ilizungukwa na ofisi, watu wakija saa ya chakula cha mchana tu, kisha ukiwa. Ya nne ilikuwa imebaki kama kisiwa katikati ya magari. Hakuna aliyeweza kulaumu miti au maua. Tofauti ilikuwa ng'ambo ya barabara: Rittenhouse ilipakana na makazi, maduka na ofisi pamoja, kwa hiyo watu wa ratiba mbalimbali walipokezana. Huyu akiondoka, yule anaingia. Ndiyo maana nakuomba, kabla ya kuikagua bustani yenu, tazama kwanza kinachoizunguka. Je, kuna madirisha yanayotazama ndani? Kuna watu wanaopita na shughuli zao nyingine? Saa ambazo hakuna hata mmoja wao ndizo saa alizokusimulia yule binti.

Naye nakuomba umsikilize kwa uzito, hata kama wengine wanamwona mwoga. William Whyte, aliyekaa miaka mingi akitazama jinsi watu wa New York wanavyotumia viwanja vya wazi, aligundua kwamba wanawake huchagua pa kukaa kwa uangalifu kuliko wanaume. Wakipungua mahali, pana kasoro. Kwa hiyo ukifika, usihesabu watu tu. Angalia kama kuna mwanamke aliyekaa peke yake, ametulia, hatazami nyuma. Mimi kipimo hicho nakiamini kuliko usafi wa njia na uzuri wa maua.

Hilo linanigusa zaidi kwa ajili ya mjukuu wangu wa kike. Miaka ya 1990 huko Vienna, Austria, watafiti waliona kwamba wasichana wakishafika umri wa miaka kama tisa au kumi walipungua sana bustanini, huku wavulana wakibaki. Hakuna aliyewafukuza. Eneo la wazi lilikuwa moja, na palipo na uwanja mmoja tu, wenye nguvu ya kuushika huushika. Mji ukabadilisha baadhi ya bustani: maeneo yakagawanywa madogo madogo, njia zikaongezwa, pakawekwa viwanja vya mpira wa wavu, na wasichana wakaanza kurudi. Vijana wa mpira wasiguswe, tafadhali. Najua majirani wako wanawalalamikia kwa kelele, lakini kijana anayecheza saa kumi jioni mbele ya macho ya watu ni miongoni mwa wanaoifanya bustani iwe hai. Wanachohitaji ni mpaka unaoeleweka, si kufukuzwa.

Umeandika pia kwamba wapo wanaotaka uzio mrefu na ua mnene wa vichaka ili "wabaya" wasiingie. Hapo nina shaka kubwa. Bryant Park, pale pale New York, ilikuwa na uzio wa chuma na ua mnene, nayo imeinuka juu ya barabara, kwa hiyo wauza dawa za kulevya walijificha humo raha mustarehe. Ilifungwa mwaka 1988 kwa matengenezo na kufunguliwa tena 1992, ikiwa na maingilio mapana zaidi, ua uliopunguzwa ili ndani paonekane kutoka nje, na viti vyepesi ambavyo mtu anaweza kuvisogeza atakako. Watu wa kawaida walijaa. Kinachomzuia mtu mwenye nia mbaya ni kuonekana, na uzio mrefu unampa maficho aliyokuwa akiyatafuta.

Sasa mambo ya mtoto. La chupa limenitia wasiwasi, na halihitaji falsafa. Siku ya kwanza tembea peke yako kwenye eneo la bembea, utazame chini. Ardhi iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama saruji ndiyo inayovunja mikono ya watoto wakianguka. Chini ya bembea panatakiwa mchanga mwingi, vipande vya mbao au mpira unaonepa. Shika minyororo na skrubu kwa mkono wako. Gusa chuma kilichopigwa na jua. Kagua vyoo: kama vimefungwa kwa kufuli, wenye watoto wadogo na wazee hawatakaa zaidi ya nusu saa, na bustani itakosa wale wale wanaoituliza. Mbwa wasiofungwa kamba uliza habari zao mapema, maana mtoto akishatishwa mara moja hatataka kurudi.

Ukikuta ubovu, usiishie kusimulia kwa jirani. "Bustani imeoza" ni neno ambalo ofisi yoyote inaweza kulisikia na kuendelea na kazi zake. "Taa ya tatu kutoka lango la mashariki haiwaki tangu mwezi jana" lina mtu wa kulishughulikia. Andika mahali hasa, tarehe, na kama unaweza piga picha. Mwombe na yule mkimbiaji aandike, kwani yeye ndiye anayezikuta chupa za usiku kabla hazijafagiliwa.

Anza na saa ile ile ya asubuhi, siku zile zile za wiki, ili wenye watoto wakuzoee nawe uwazoee. Baada ya hapo ongeza jioni, ukiwa na baba yake mtoto. Yule binti mwulize kama angependa kufuatana nanyi siku moja wakati bado kuna mwanga; akikataa, msimshikilie. Na ukishapata jina la mtu anayehusika na taa, niandikie, nikusaidie kupanga hiyo barua ya kwanza.

Nisalimie mkwe wangu, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mama yako